Nyumba ya Mama na Kodi ya Faida
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa jamaa, Jumamosi baada ya chakula cha mchana



Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuonana tena hali tu wazima. Wako waliotoka Maskati na Dubai, wako waliotoka Toronto na Minneapolis, na wako walioacha maduka yao Mombasa mikononi mwa watu wengine ili wawe nasi siku mbili hizi. Sisi wa London tumepanda treni tu, kwa hivyo hatuna haki ya kulalamikia uchovu.

Katibu aliponipigia simu akanitaka nizungumze juu ya kodi na nyumba, nilicheka. Nilimwambia ya kuwa watu wanakuja kula biriani na kutazama watoto walivyokua, hawaji kusikiliza hesabu za serikali. Akanijibu, "Ami, wewe unajua kwa nini jamaa hii inahitaji kulisikia jambo hili." Nikanyamaza, kwa sababu alisema kweli.

Wengi wenu mnanijua, lakini vijana hawanijui. Nilianza kazi katika ofisi ya ardhi Mombasa. Mwaka 1988 nilihamia Uingereza, nikapata kazi katika halmashauri ya mtaa mmoja wa London, nikaitumikia hadi nilipostaafu. Mimi si mwanasheria wala si mhasibu. Nilicho nacho ni mazoea ya kusoma mafaili na kujua karatasi gani imekosekana. Na katika jambo nitakalolieleza, karatasi iliyokosekana nilitakiwa mimi niiandike.

Mwaka 1997 mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa ameshakuja kuishi nasi Uingereza. Aliuza fungu lake katika nyumba ya Kibokoni na dhahabu yake kidogo, akasema, "Nataka mlango wangu mwenyewe." Tulipata nyumba ndogo ya safu kwa Pauni 48,000. Fedha za mama hazikutosha, na benki haikuwa tayari kumkopesha mwanamke mzee asiye na mshahara. Basi tukakubaliana kwamba mkopo na hati viandikwe kwa jina la ndugu yetu mdogo, ambaye mshahara wake ulikuwa mzuri kuliko yetu sote. Kila mwezi sisi ndugu wa tumbo moja tulichangia, na ndugu yetu akilipa benki. Mama aliishi katika nyumba hiyo miaka 24. Ndugu yetu hakulala humo hata usiku mmoja ila siku za Idi, kwa sababu alikuwa na nyumba yake na mkewe na wanawe.

Siku ya kutia saini, wakili alituuliza kama tungependa kuandika waraka mmoja zaidi, wa kueleza kwamba nyumba hii kwa hakika ni ya mama na huyu kijana ameazima jina lake tu. Ndugu zangu walinitazama mimi, mkubwa wao na mtu wa ofisi. Nikasema, "Baina yetu karatasi ya nini?" Maneno matano tu. Wote wakacheka kwa furaha, na wakili akafunga faili lake.

Mama alifariki mwaka 2021. Mwaka uliofuata nyumba iliuzwa kwa Pauni 255,000. Ukitoa bei ya kununulia, na ukitoa gharama za mawakili na dalali zilizofika kama Pauni 7,000, faida ilikuwa Pauni 200,000. Ndugu yetu alipewa nafuu ya mwaka ule ya Pauni 12,300, zikabaki Pauni 187,700, na kwa kiwango cha asilimia 28 alidaiwa Pauni 52,556. Alilipa. Kisha akatugawia kilichobaki.

Dada yetu aliyeko ng'ambo alipoona fungu lake limepungua aliuliza: fedha zimekwenda wapi? Akaambiwa ni kodi. Akasema, "Nyumba ya kuishi haina kodi; kila mtu anajua." Ndugu yetu akakasirika kuona anadhaniwa mwizi. Toka hapo kwa muda wa miaka miwili watoto wa tumbo moja hawakusemezana. Harusi mbili zilipita upande mmoja ukiwa haupo.

Nataka kuwaeleza leo kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Dada alisema kweli kwamba nyumba ya kuishi haina kodi. Ndugu naye alisema kweli kwamba nyumba ile ilikuwa na kodi. Tofauti imo katika neno moja: nyumba ya kuishi nani?

Kodi hii ya faida ya mtaji ilianza Uingereza tarehe 6 Aprili 1965, James Callaghan alipokuwa Waziri wa Fedha. Maana yake ni nyepesi: ukinunua kitu, kikapanda thamani, ukakiuza au ukakitoa, serikali hudai sehemu ya lile ongezeko. Haitozwi juu ya bei yote. Lakini pia haitazami kilichobaki mfukoni. Mtu akikopa juu ya nyumba yake akazipeleka fedha nyumbani kujenga, kisha akauza na benki ikachukua karibu yote, bado faida huhesabiwa kwa bei aliyonunulia na bei aliyouzia. Deni la benki halipunguzi faida hata senti moja.

Tangu mwanzo huo huo wa 1965 sheria ilimwachia mtu nyumba anayoishi. Sababu inaeleweka. Mtu auzaye nyumba anayolala, kwa kawaida huenda kununua nyingine ya kulala, nayo pia imepanda bei. Kama kila ahamapo atakatwa, kila nyumba itakuwa ndogo kuliko ile aliyoitoka. Ndiyo maana wengi wetu tuliouza nyumba zetu hatukujaza hata fomu moja, tukadhani kodi hii haipo.

Lakini msamaha huo una masharti. Nyumba iwe ndiyo makazi yako ya pekee au makazi yako makuu kwa muda wote ulioimiliki. Kiwanja na bustani visizidi nusu hekta. Na kwa nyumba tunazokaa sisi, ambazo ukinyoosha mkono dirishani unamgusa jirani, sharti hili halina haja ya maelezo. Nyumba isiwe imenunuliwa kwa nia ya kuiuza kwa faida tu. Na pasiwe na sehemu inayotumika kwa biashara peke yake. Angalieni neno "peke yake". Shangazi anayepika sambusa za kuuza katika jiko lile lile analopikia wanawe hapotezi kitu. Aliyegeuza chumba kikawa ofisi tupu, hakilali mtu wala hakiingii mtoto, huyo atakatiwa sehemu ya chumba hicho.

Sasa nije kwenye wakati, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wengi hunaswa. Msamaha huhesabiwa kwa miezi. Miezi uliyoishi ndani imesamehewa. Miezi ambayo hukuishi haikusamehewa, isipokuwa ile ambayo sheria yenyewe imeiruhusu. Miezi ya mwisho kabla ya kuuza huhesabiwa kana kwamba ulikuwa ndani, mradi nyumba iliwahi kuwa makazi yako makuu. Zamani ilikuwa miezi 36. Tarehe 6 Aprili 2014 ilipunguzwa ikawa 18, na tarehe 6 Aprili 2020 ikawa 9 tu. Miezi 36 imebakishwa kwa mwenye ulemavu na kwa aliyehamia katika nyumba ya kutunzia wazee.

Tuchukue mfano, usio wa mtu yeyote hapa. Binti alinunua fleti mwaka 2005. Akaishi ndani miaka 10, akaolewa, akahamia kwa mumewe, fleti akaipangisha miaka mingine 10, kisha akauza kwa faida ya Pauni 160,000. Muda wote ni miezi 240. Aliishi miezi 120, na miezi 9 ya mwisho anaongezewa, jumla 129. Kwa hivyo faida iliyosamehewa ni Pauni 86,000, na isiyosamehewa ni Pauni 74,000. Ondoa nafuu ya mwaka, ambayo tangu 6 Aprili 2024 imekuwa Pauni 3,000 tu, zinabaki Pauni 71,000. Tangu tarehe hiyo hiyo kiwango cha nyumba ni asilimia 18 kwa mwenye kipato cha chini, na asilimia 24 kwa aliyevuka. Akiwa yuko katika kiwango cha juu atalipa Pauni 17,040.

Kabla ya 6 Aprili 2020 binti huyu angepewa nafuu nyingine, ya aliyepangisha nyumba aliyowahi kuishi, iliyofika hadi Pauni 40,000. Nafuu hiyo sasa imebakia kwa yule tu anayeishi pamoja na mpangaji wake nyumba moja. Nimewasikia wazee wenzangu wakiwashauri vijana, "Usiuze, pangisha, serikali itakusamehe." Shauri hilo lilikuwa jema kwa zama zake. Leo ni shauri la hasara.

Wako pia waliokwenda Ghuba kufanya kazi, nyumba zao wakaziacha Uingereza. Kwenu kuna habari njema na habari ya kuangaliwa. Habari njema ni kwamba, mtu akiishi kwanza katika nyumba yake, kisha akaajiriwa nje ya Uingereza kwa kazi ambayo yote hufanyika nje, kisha akarudi kuishi katika nyumba ile ile, muda wote wa kazi huhesabiwa kana kwamba alikuwa nyumbani, uwe mrefu kiasi gani. Kazi ya mji mwingine wa Uingereza ileile huruhusiwa hadi miaka 4, na kutokuwepo kwa sababu yoyote nyingine hadi miaka 3. Shuruti ni kuishi kabla na kuishi baada, ingawa kwa ajili ya kazi sheria humsamehe ambaye kazi yake yenyewe ilimzuia kurudi. Na usiwe na makazi mengine yanayodai msamaha huo huo. Mwenye makazi mawili ana miaka miwili, tangu alipopata ya pili, ya kuiandikia Idara ya Mapato na Forodha kuitaja ipi ni kuu. Asipoandika, Idara itatazama mambo yenyewe: barua zake huenda wapi, watoto husoma wapi, jina lake limo katika daftari la wapiga kura la mtaa gani. Na mume na mke wanaoishi pamoja wana makazi makuu mamoja tu kwa ajili ya kodi hii. Hamwezi kuwa na moja la bwana na moja la bibi.

Habari ya kuangaliwa ni hii. Tangu 6 Aprili 2015, hata mtu asiyehesabiwa mkaazi wa Uingereza hutozwa kodi hii juu ya nyumba ya kuishi iliyoko Uingereza, na kwa kawaida faida yake huhesabiwa kuanzia thamani ya Aprili 2015. Mkaazi wa nje hupaswa kupeleka taarifa ndani ya siku 60 tangu mauzo kukamilika, hata kama hadaiwi kodi yoyote. Asipopeleka, faini humfuata. Na mwaka ambao hakulala angalau usiku 90 katika nyumba zake za Uingereza, kwa kawaida mwaka huo hauhesabiwi kuwa aliishi humo. Kwa mkaazi wa Uingereza, siku 60 hizo humhusu pale tu kodi inapodaiwa. Lakini siku 60 ni chache. Kwa mtu aliyefiwa, ambaye bado anafungua masanduku ya mama yake, siku hizo hupita kama siku tatu.

Sasa narudi kwenye nyumba ya mama, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Wazee wa Mombasa mtanielewa upesi kuliko mawakili wa London. Kwetu tunajua habari ya nyumba bila ya ardhi: mtu ana kuta na paa, na ardhi iliyo chini ni ya mwingine, na kila mmoja anaijua haki yake. Nilipokuwa ofisi ya ardhi niliziona kesi hizo kila wiki. Sheria ya Kiingereza nayo ina mambo mawili ndani ya nyumba moja. Kuna jina lililoandikwa katika hati, na kuna mwenye mali kwa hakika, yule ambaye faida ni yake. Watu hawa wawili wanaweza kuwa mbalimbali. Kodi ya faida humfuata mwenye mali. Aliyeazima jina tu huwa kama mtu aliyeshikishwa mkoba wa mwenziwe.

Lakini jambo hilo linahitaji ushahidi. Sheria ya mwaka 1925 hutaka tamko la amana juu ya ardhi lithibitishwe kwa maandishi yenye saini. Ipo milango mingine kwa waliochangia fedha bila ya kuandikiana, lakini ni milango myembamba, na funguo zake ni kumbukumbu za benki. Sisi mwaka 2022 tulikuwa na nini? Benki ilikwisha kutupa kumbukumbu za 1997. Michango tuliitoa mkononi, katika bahasha. Mama, ambaye angesema, alikuwa kaburini. Na sisi wenyewe kila mmoja alikumbuka hesabu yake.

Tazameni basi bei ya maneno yangu matano. Kama ule waraka ungelikuwepo, nyumba ingelihesabiwa kuwa ya mama, na mama alikuwa akiishi humo. Zaidi ya hayo, mtu akifa, kodi ya faida hufa naye: warithi huhesabiwa kuwa wameipata mali kwa thamani ya siku ya kifo, na hudaiwa tu ongezeko la baada ya hapo. Kodi ya mirathi nayo huanzia juu ya Pauni 325,000, na mama hakuacha mali ya kufika huko. Kwa hivyo Pauni 52,556 zingelikuwa karibu na sifuri. Nyumba ile ile na mama yule yule. Tofauti ni karatasi moja.

Wako mtakaoniuliza: je, hakuna huruma kwa mtu aliyempa mzazi wake nyumba aishi bure? Ilikuwako. Lakini msamaha huo ulibakishwa kwa wale tu ambao mzazi wao alikuwa akiishi humo tarehe 5 Aprili 1988 au kabla yake. Sisi tulichelewa kwa miaka tisa.

Tulikosa na jingine. Mwaka 2004, miguu ya mama ilipochoka kupanda ngazi, tulimjengea choo na chumba chini, kwa kama Pauni 15,000. Gharama ya kuongeza nyumba, ikiwa bado ipo siku ya kuuza, hutolewa katika faida, kama zinavyotolewa gharama za wakili, dalali, mthamini na ushuru wa stempu. Ila kupaka rangi, kuziba paa linalovuja na riba ya mkopo havitolewi. Choo cha mama kilistahili kabisa. Lakini fundi alikuwa jamaa, tulimlipa taslimu, risiti hatukuiomba kwa kuona haya. Haya hiyo ilitugharimu Pauni 4,200. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ila sisi habari tuliipata, tena kwa barua.

Nawaomba pia mjihadhari na hila mbili ninazozisikia katika mabaraza yetu. Ya kwanza ni kumuuzia mtoto nyumba kwa Pauni moja. Sheria haitazami Pauni hiyo. Baina ya mzazi na mtoto, na baina ya ndugu na ndugu, bei huhesabiwa kuwa ile ya sokoni, hata kama ni hiba tupu. Kwa nyumba unayoishi msamaha wako utakukinga siku hiyo. Kwa nyumba ya pili utadaiwa kodi ya fedha ambazo hukuzipokea. Na ukimpa mtoto nyumba kisha ukaendelea kuishi humo bila ya kumlipa kodi ya pango ya sokoni, kodi ya mirathi bado itaihesabu kuwa yako, na mtoto asiyeishi humo atakuwa mahali pale pale alipokuwa ndugu yetu. Mume na mke wanaoishi pamoja ndio wanaoweza kupeana bila ya kodi.

Hila ya pili ni kuandika karatasi leo na kuipa tarehe ya zamani. Hiyo ni ghushi. Nilishauriwa hivyo mwaka 2022 na mtu mwenye nia njema, na nakiri kwamba usiku mmoja niliiwaza. Nilimshukuru Mungu asubuhi kwamba sikuifanya. Karatasi inayoandikwa leo husaidia kuanzia leo, na huandika yaliyo kweli tu.

Juu ya nyumba za kwetu nitasema machache. Kenya iliisimamisha kodi hii mwezi Juni 1985, kwa hivyo sisi tulioondoka miaka ya themanini tulizoea kuuza bila ya kuifikiria. Ilirudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuihamisha husamehewa. Sisi tulioko ng'ambo hatuishi humo, basi tusijidanganye kwamba msamaha huo ni wetu. Na anayehesabiwa mkaazi wa Uingereza hupaswa kuitaja faida hiyo huku pia; kodi aliyolipa kule kwa kawaida hupunguzwa katika ile anayodaiwa huku. Kwa hivyo stakabadhi ya Nairobi msiitupe. Na zile nyumba za Mji wa Kale ambazo hati bado ni za mababu waliokufa, warithi wamekuwa arubaini na wengine hawajuani, ninawasihi wazee mlioko hapa mkae kesho asubuhi, kabla ya ndege za watu kuondoka, muandike angalau orodha ya warithi.

Ndugu wa Marekani, sheria yenu ni nyingine. Tangu mwaka 1997 aliyemiliki na kuishi katika nyumba yake jumla ya miaka miwili katika miaka mitano iliyotangulia kuuza, husamehewa faida hadi Dola 250,000, na mke na mume wanaotoa hesabu yao pamoja hadi Dola 500,000. Ndugu wa Kanada, nanyi tangu 2016 hupaswa kuitaja katika hesabu zenu za mwaka nyumba kuu mliyoiuza, hata kama hakuna kodi. Zaidi ya hapo waulizeni wajuzi wa huko.

Nimewaomba wenye kitabu hiki wayachape mambo manne ili kila nyumba iwe nayo.

La kwanza: kila nyumba iwe na faili moja. Ndani yake iwemo hati ya kununulia, risiti ya kila kilichoongezwa, na karatasi yenye tarehe za kuhamia na za kuhama.

La pili: pale jina la katika hati si la mwenye mali, mwendeni wakili mwaka huu, mama au baba akiwa hai na akili yake timamu, mkaandike ukweli ulivyo. Mkumbuke kuiuliza benki ikiwa mkopo bado upo.

La tatu: kabla ya kupangisha nyumba uliyokuwa ukiishi, na kabla ya kumpa mtu nyumba, ulizeni kwanza. Mhasibu anayelipwa Pauni mia chache kabla ya mauzo ni rahisi kuliko anayelipwa baada yake.

La nne: anayeshika fedha za wengine aonyeshe hesabu bila ya kungoja kuulizwa, na anayepokea aulize kwa upole kabla ya kudhani.

Waheshimiwa, nimekaribia kumaliza. Katika ofisi nilizofanyia kazi, mtu aliyekosea kuandika alitakiwa kusahihisha kwa wino mwekundu na kutia saini kando, ili anayekuja nyuma aone kosa na aone aliyelifanya. Leo nasahihisha langu. Ndugu yangu mdogo hakula fedha za mtu. Nimeiona hesabu yake mara tatu, kwa jicho la mtu aliyezoea kutafuta makosa, na haina kasoro. Alibeba jina kwa ajili ya mama miaka 25, na mwisho akabeba lawama. Dada yangu naye hakuwa na uchoyo. Aliuliza swali ambalo mimi, mkubwa wao, nilikuwa na jibu lake, nikalificha kwa kuona haya. Kama kuna wa kulaumiwa, ni aliyesema "Baina yetu karatasi ya nini?"

Tulidhani kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Nimejifunza uzeeni kwamba ndugu huandikiana ili wapate kuendelea kuaminiana hata baada ya mama kuondoka.

Wote wawili wamo ndani ya ukumbi huu. Wameketi meza mbili mbalimbali. Mwenyekiti akiniruhusu, wakati wa chai nitawaomba waketi moja, nami nitawamiminia.